Jamaa mwenye banda kaniambia nitoe "rimoti ya king'amuzi" mbele ya watoto, leo sivumilii

mzee_wa_straiki (mleta uzi):

Wakuu habari za jioni, mikono bado inatetemeka na chai imenipoa hapa mezani, naandika hivi hivi, makosa mtarekebisha wenyewe.

Kuna mtu hapa Chikongola, Mtwara, mnamjua, msinilazimishe nimtaje, yule mwenye banda la gemu lenye pazia la kanga na spika inayokoroma, anatembea na funguo kumi na mbili kiunoni wakati ana mlango mmoja. Ndio huyo huyo. Leo kanivua nguo.

Na sikumfuata mimi. Asubuhi kanipigia mwenyewe, sauti ya asali kabisa, "mdogo wangu, PS zangu (PlayStation) zote mbili zimegoma, moja haisomi diski, nyingine inaunguruma kama mashine ya kusaga, na shule zimefungwa, niazime lile likitu lako". Likitu. Nikalimeza, nikasema ujirani. Nikaweka Wii yangu, mashine ya gemu ya Nintendo unayochezea kwa kupunga rimoti, kwenye begi, nikapanda boda kutoka Magomeni, nikachomeka zile waya tatu, njano, nyeupe, nyekundu, kwenye TV yake ya kichogo, kile kibao chembamba cha juu ya TV nikakibandika kwa selotepu, nikaweka betri mbili mpya kwa hela yangu. Kwa hela yangu wakuu. Watoto kama kumi na wanne kwenye mabenchi, wengine wamebebana. Nikaweka boling, nikampa mmoja rimoti, nikamvalisha kamba mkononi, nikamwambia rusha mkono kama unarusha tufe. Akaangusha pini zote kumi. Banda likalipuka, hata kuku waliokuwa chini ya benchi walitoka mbio.

Ndipo akaingia. Mdomoni ming'oko, ile mizizi yetu ya kuchemsha, chumvi na pilipili mpaka kidevuni. Akaangalia TV, akamwangalia mtoto anavyopunga mkono, akaniangalia mimi. Akasema kwa sauti ya mnada wa korosho:

"Wewe, hebu toa hiyo rimoti ya king'amuzi hapo, watoto wanataka gemu."

Rimoti. Ya. King'amuzi.

Wakacheka wote, wale wale waliokuwa wanaruka dakika moja iliyopita. Mama anayeuza ming'oko mlangoni alicheka mpaka akashikilia beseni lisimwagike. Kuna dada mmoja nina mazungumzo nae ya muda (hayo sio ya uzi huu) alikuwa anapita na ndoo ya maji kichwani, akasimama, akacheka bila kumwaga hata tone, ndio kilichoniuma zaidi, yaani kacheka kwa ustadi. Halafu katoto kamoja hata miaka saba hakajafika kakanivuta shati, "anko, inashika chaneli ngapi?"

Sasa nauliza, mashine iliyouza zaidi ya milioni 100 duniani ni rimoti ya king'amuzi? Imetoka Novemba 2006, mwezi mmoja na PS3, na mwisho wa safari PS3 na Xbox 360 zote ziliachwa nyuma kwa mauzo. Mimi ndio mashine yangu kuu, sio ya kuchezea wageni wakija, sina nyingine, mwaka wa sita huu tangu kaka yangu baharia aniletee. Mario Galaxy ninayo. Resident Evil 4 ninayo, kulenga unanyoosha mkono tu kama unamuonesha mtu njia, wewe wa padi utasokota kijiti mpaka ung'oke kucha. PES ya mpira ninayo, unamuonesha mchezaji kwa rimoti pa kukimbilia na anakwenda, kitu ambacho makocha wetu pale uwanja wa Nangwanda hawajawahi kufanikiwa. Ya kwangu hii ya mwanzo inameza mpaka diski za GameCube, mashine ya Nintendo iliyoitangulia. Kama hiyo sio gemu basi gemu ni nini, kukaa umejikunja kama kaa unabonyeza duara mpaka kidole kiote sugu?

Na hakuishia hapo. Mtoto yuko raundi ya tisa, ana straiki tatu mfululizo (pini zote kwa mpira mmoja), jamaa hakuzima, kachomoa waya wa umeme ukutani, chwaa! Akanirudishia waya zimeviringishwa kama nyavu za dagaa akaniambia "asante mdogo wangu, siku nikinunua king'amuzi nitakutafuta". ANACHO KING'AMUZI. Kipo juu ya TV hiyo hiyo, nilikisogeza mimi kwa mikono yangu ili kibao changu kikae!

Rimoti ya king'amuzi. Betri za hela yangu. Nimekosea wapi wakuu? Na asije mtu kuniambia ninunue PS.

korosho_ghafi:
Nunua PS.

Kipanga wa Shangani:
"Inashika chaneli ngapi" 😂😂😂 huyo mtoto apewe soda nalipa mimi.

mwana_ligula:
Uzi mrefu kama barabara ya Masasi na bado hujajibu, inashika chaneli ngapi?

mzee_wa_straiki:
Chekeni tu. Siku mkiumbuliwa nyinyi na begi lenu mbele ya watoto mtanikumbuka.

fundi_saketi:
Tuache utani kidogo. Kitaalamu jamaa hajakosea sana. Kile kibao cha juu ya TV watu wanadhani ndio kinachosoma mkono, hapana, hakisomi chochote, ni vitaa tu vya infraredi pande mbili. Kamera iko puani mwa rimoti, inaviona vile vitaa inajua imeelekea wapi, na ndani kuna kifaa kingine kinachohisi mtikisiko, halafu inatuma kwa bluetooth. Ndio maana kibao kikifa unaweza kuweka mishumaa miwili ikawaka pande mbili za TV na mshale ukaonekana vile vile, nimeshamfanyia mteja mmoja Mikindani.

korosho_ghafi:
Sawa. Betri ni zile za rimoti, infraredi ni ya rimoti, umbo la rimoti, na wenyewe Nintendo waliitengeneza wakaiandika Wii Remote. Mkuu hapo unamdai nini mwenye banda, kakusomea jina tu.

mzee_wa_straiki:
Kasema ya KING'AMUZI.

Bi Mikindani:
Mimi siungi mkono upande wowote, nina kesi yangu. Shemeji yangu alikuja na hiyo kitu sikukuu ya Idd, tenisi, hakuvaa kamba, rimoti ikaruka ikaenda kioo cha TV kati kati kama jiwe la manati. TV ya mkopo, sijamaliza kulipa. Nikaambiwa eti ndio kawaida yake, huko mwanzoni Desemba 2006 kampuni ilibidi ibadilishe kamba milioni 3.2 kwa sababu zilikuwa zinakatika. Nikasema asante kwa historia, TV yangu nani anabadilisha? Mpaka leo shemeji akija anakaa nje chini ya mwembe.

Baba Nne:
Mleta uzi nakupenda lakini umewapiga watu chenga, hujasema ukweli wote. Mimi nilikuwa nayo hiyo kama mashine ya nyumba nzima. Kwa familia haina mpinzani, mama yangu mzazi hajui kusoma, hajui kubonyeza, lakini alimpiga mjukuu wake boling mara tatu akiwa amejifunga kanga kiunoni, akagoma kumrudishia rimoti. Hapo safi. Ila KUU? GTA, lile gemu la wizi wa magari, haijawahi kuingia humo hata moja. Picha inaishia 480p, ukiiweka kwenye TV kubwa ya kisasa Mario anaonekana kama kachorwa kwa mkaa. FIFA ya mwisho kwake ni 15. Kucheza mtandaoni walizima Mei 2014, duka lake la kununulia gemu likafungwa Januari 2019. Kwa hiyo ulichonacho ndani ndio hicho hicho mpaka kiyama, umeoa bila talaka. Vijana wa banda wanataka kupigana FIFA mpya na kutukanana, huwezi kuwapa boling.

mzee_wa_straiki:
Baba Nne heshima yako mkubwa lakini mimi FIFA mpya sijaomba. Nimeridhika na nilichonacho, kuna watu wana PS4 na gemu moja tu wanacheza miaka mitatu hiyo hiyo, hao hawaambiwi kitu. Na wale watoto WALIKUWA WANARUKA, ulikuwepo? Walikuwa wanaruka mpaka aliposema rimoti ya king'amuzi.

mwana_ligula:
Anairudia tena 😂 hii leo atalala nayo kitanda kimoja.

Kipanga wa Shangani:
Mkuu ile ya mishumaa nimeielewa, kwa hiyo umeme ukikatika tunawasha mishumaa tunaendelea?

fundi_saketi:
Mishumaa ni badala ya kibao, Wii yenyewe inataka umeme.

Kipanga wa Shangani:
Basi haina faida, mishumaa nawasha umeme ukiwa haupo, umeme ukiwepo mishumaa ya nini.

chumvi_ya_mtwara:
Msiniguse hapo kwenye umeme. Jana umekatika mara nne, NNE, ya mwisho nilikuwa nanyoa mteja, nusu kichwa kimepita mashine nusu bado, kakaa kwenye kiti changu masaa mawili kama ramani ya dunia. Gesi inatoka Msimbati hapo, bomba zaidi ya kilomita mia tano mpaka Dar, sisi tuliolala juu ya hilo bomba tunanyoana kwa tochi ya simu.

Bi Mikindani:
Friji langu la samaki je? Changu na vibua vyote nimewapa majirani, bora majirani wamekula, nguru ameoza.

mwana_ligula:
Turudi kwa yule mwenye banda, mie nina langu nae. Padi yake ya kushoto kijiti kinajivuta chenyewe kwenda kulia, anajua, halafu anakupa wewe mgeni, yeye anakaa na nzuri, anakufunga saba anaita watu waje waone matokeo. Nikamwambia padi mbovu kanijibu "mchezaji mzuri hachagui uwanja".

korosho_ghafi:
Mimi alinikata dakika. Mechi ilikuwa ya dakika sita kila kipindi, nimekwenda kununua maji nje, narudi kaweka nne, hela ile ile.

Baba Nne:
Kwangu alikataa noti, eti imechanika kona. Nikatoa nyingine, akasema hana chenji, basi nimalizie kwa mechi mbili. Nina miaka hamsini na mbili, nimecheza mechi mbili na watoto wa darasa la nne, nimefungwa zote.

chumvi_ya_mtwara:
😂😂 Mzee Nne!

Bi Mikindani:
Jamani huyo mama wa ming'oko mlangoni kwake ndio yule aliyehama kutoka sokoni? Maana yule fungu lake la siku hizi ni la kumlisha sungura, na nusu ni mizizi mitupu unatafuna unatema.

Kipanga wa Shangani:
Ndio yule. Kapunguza fungu, kaongeza pilipili ili usihesabu.

korosho_ghafi:
Muonjeni wa karibu na stendi ya Mkanaledi, ming'oko minene, anachemsha ikaiva vizuri, fungu lake unashiba mpaka usiku.

chumvi_ya_mtwara:
Wa Mkanaledi anachanganya ya jana na ya leo, nimeumwa tumbo siku mbili.

mzee_wa_straiki:
Wakuu samahani, mmesahau uzi. Rimoti.

Bi Mikindani:
Mwanangu subiri kidogo tumalize hili. Ming'oko ya jana unaijua kwa kuivunja, ya leo inakatika inalia, ya jana inapinda.

Baba Nne:
Kweli kabisa, na maganda yake hayatoki vizuri.

mzee_wa_straiki:
Hiyo ya kupinda ndio aliyoniuzia leo huyo huyo mama wakati natoka na begi langu, huku bado anacheka. Nimetafuna mpaka nafika Magomeni taya zinauma. Na chumvi hakunipa.