Mrejesho: Mazoezi ya mama mwalimu

Wapendwa, mwezi wa nne niliuliza hapa: nafundisha darasa la tano, nina watoto watatu, Jumamosi alfajiri ni jumuiya, mazoezi nitafanya saa ngapi? Wengi mlisema niamke saa kumi usiku. Nilijaribu siku nne. Ya tano nikasinzia nikisahihisha, kalamu nyekundu ikachora mstari mrefu katikati ya insha ya mtoto wa watu. Nikaacha.

Kilichonifaa ni neno la dada mmoja: achana na daladala ya jioni. Sasa natoka shule natembea mpaka Ilazo, dakika 40, raba miguuni, viatu vya kazi kwenye mfuko. Njiani nasali rozari, inaisha kabla sijafika genge ninaponunua mlenda. Upepo wa Dodoma mnaujua. Mwezi wa saba nilikuwa nafika nyumbani nyusi zimekuwa nyekundu kwa vumbi, nimejifunga mtandio kama bibi harusi.

Kilo sijapima, mizani sina. Ila ile sketi ya bluu imefunga zipu. Baba watoto anabandika maji ya ugali nikichelewa, ingawa bado anaita "kukusaidia".