Naomba ushauri: pendulamu ya simu inanipa 8.7 badala ya 9.8

Habari zenu walimu wenzangu. Maabara yetu haina vifaa vya kutosha, nikaamua kutumia vihisi vya simu. Nimepakua phyphox, ile programu ya bure ya Chuo Kikuu cha RWTH Aachen, Ujerumani. Simu naifunga kwenye uzi wa sentimita 60, naibembeza kwa pembe ndogo, jairoskopu (kihisi cha simu kinachopima kasi ya kugeuka) inanipa muda wa mzunguko mmoja. Nikikokotoa g, yaani mchapuko unaotokana na mvutano wa dunia, napata 8.7 au 8.8, kila mara. Urefu naupima kutoka kwenye fundo la juu hadi ukingo wa simu. Je, napaswa kupima hadi katikati ya simu? Nahisi kosa liko hapo, ila sijui umbo la simu lenyewe linaathiri kiasi gani.

La pili ndilo linaloninyima usingizi. Simu imelala mezani, kipima mchapuko kinasoma 9.8. Mwanafunzi akauliza, "Mwalimu, mbona haiendi popote?" Nikababaika. Najua kihisi kinapima msukumo wa meza, lakini nimweleweshe vipi mtoto wa kidato cha pili? Kuidondosha juu ya godoro isome sifuri kutatosha? (Simu ni yangu, nawaza kioo.)