Triga ya kufuatilia rekodi zilizobadilika: Likoni zafika nusunusu

Fundi_Shimanzi
Asalaam aleikum jamaa. Natunza mfumo wa ghala la vipuri vya magari hapa Shimanzi, Mombasa, hifadhidata ni PostgreSQL 14. Duka letu la Likoni lina hifadhidata yake, maana intaneti ya kule ikilala imelala, na mteja hangoji. Kila dakika tatu programu yangu hutazama safuwima ya `ilibadilishwa` kwenye jedwali la bidhaa, ikachukua rekodi zilizoguswa tangu mara ya mwisho, ikazipeleka Likoni. Safuwima hiyo hujazwa na triga (kazi ambayo hifadhidata huifanya yenyewe rekodi ikiguswa) ya BEFORE UPDATE, yaani kabla badiliko halijaandikwa, inayoweka `now()`.

Bidhaa ikifutwa huku, kule bado yauzwa. Hilo nalielewa. Lisiloniingia akilini ni hili: bosi akipandisha bei za shehena nzima kwa mkupuo, pengine haziendi kabisa. Juzi betri ya N70 huku ni 14,500, kule 13,200, na mteja aliyenunua huku amevuka feri akaiona. Risiti mkononi, adai tofauti yake. Nafikiria triga yenyewe iwe yaita Likoni moja kwa moja. Mwasemaje?

kamba_nanga
Usithubutu. Triga hufanya kazi ndani ya muamala uleule wa mauzo, yaani hatua zinazokamilika zote pamoja au zisikamilike kabisa. Likoni ikikatika, karani wako wa Shimanzi ataganda na mteja mbele yake.

Bi_Jedwali
Kaka, `now()` ya PostgreSQL ni saa muamala ulipoanza, si ulipokamilika. Bosi aanza kupandisha bei saa 4:00, kazi yaisha 4:04. Programu yako yapita 4:03: bei mpya haizioni, kwa sababu COMMIT, amri ya kukamilisha muamala, bado. Yaandika "nimefika 4:03". Ikirudi 4:06 yatafuta zilizobadilika baada ya 4:03, na zile bei zina muhuri wa 4:00. Zimepitwa, hazirudiwi tena. Ukibadilisha saa utumie namba za mfululizo, mtego ni uleule: namba ndogo yaweza kukamilika nyuma ya kubwa.

Weka jedwali la foleni. Triga ya AFTER INSERT, UPDATE na DELETE iandike humo ufunguo wa bidhaa na aina ya badiliko, basi. Programu isome ambazo hazijatumwa, izipeleke, kisha iweke alama kwenye rekodi zilezile ilizozisoma. Si "zote zilizo chini ya namba fulani", hapo utarudi ulikotoka. Iliyochelewa itabaki haina alama, itachukuliwa safari ifuatayo. Na zilizofutwa utazipata humohumo.

Fundi_Shimanzi
Dada, shukran sana. Likoni sasa inafuata. Lakini foleni yajaa ovyo: karani akifungua fomu na kubonyeza hifadhi bila kugusa kitu, rekodi yaingia. Na nimeweka sharti hili:

```
CREATE TRIGGER bidhaa_badiliko
AFTER UPDATE ON bidhaa
FOR EACH ROW
WHEN (OLD.* IS DISTINCT FROM NEW.*)
EXECUTE FUNCTION weka_foleni();
```

kamba_nanga
Ile triga yako ya zamani bado ipo? Hiyo yabadilisha `ilibadilishwa` kwanza, kwa hiyo ikifika AFTER, OLD (rekodi ya kabla) na NEW (ya baada) hazilingani kamwe. Sharti hilohilo lipachike kwenye ya BEFORE pia.

Na ulivyotumia IS DISTINCT FROM ni sawa. Ukija kulinganisha safuwima mojamoja, `OLD.bei` na `NEW.bei`, usije ukatumia `<>`: bei ikitoka NULL (tupu) kuwa 500 jibu lake ni NULL, na triga haitaamka.

Fundi_Shimanzi
Imetulia. Sasa bosi ataka kujua nani alibadilisha bei, na `current_user`, akaunti iliyoingia kwenye hifadhidata, yanipa jina moja kwa makarani wote, la programu.

Bi_Jedwali
Kwa sababu wote waingia kwa akaunti moja. Mwanzo wa kila muamala programu ikimbize `set_config('duka.karani', 'jina', true)`, na ndani ya triga usome `current_setting('duka.karani', true)`. Ile `true` ya kwanza usiiache: bila hiyo jina labaki kwenye muunganisho, na karani ajaye akiupata huohuo, atabebeshwa bei za mwenziwe.