Naomba ushauri: masta gani kwa muuguzi anayetaka utawala wa afya?

Habari za mchana wakuu.

Nina shahada ya uuguzi, mwaka wa saba kazini, kituo cha afya huku Rungwe. Tangu mwaka jana nimekabidhiwa kumsaidia mganga mfawidhi upande wa fedha na dawa, na hapo ndipo nilipojua sijui. Zamani mambo ya pesa yalikuwa ya halmashauri, lakini tangu 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja wa afya (michango ya wafadhili) zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Juzi nimekaa hadi saa tatu usiku, mvua ya Tukuyu inapiga bati, nasaka tofauti ya shilingi 46,000 kwenye FFARS, mfumo wa kompyuta wa hesabu za vituo. Kumbe stakabadhi moja niliiingiza mara mbili!

Kazi yenyewe nimeipenda, siwadanganyi. Wodini sitamani kurudi.

Sasa nipo njia panda. MPH (masta ya afya ya jamii) ya Muhimbili inaheshimika, ila nahisi itanipa zaidi magonjwa na takwimu kuliko bajeti na kusimamia watu. Mzumbe Morogoro wana usimamizi wa mifumo ya afya, ndiyo inayonivuta. Mume wangu anasema nichukue MBA (masta ya usimamizi wa biashara) tu, Mzumbe si wana kampasi Mbeya, nitalala nyumbani. (Yeye anawaza watoto, simlaumu.)

Waliopita huko: MBA inakubalika ukiomba ukatibu wa afya (kazi ya utawala), au watanirudisha kwenye uuguzi wangu? Na ruhusa ya masomo mliipataje bila kugombana na mwajiri?