Mawenzi iko upande gani

*Kikundi: Kwa Bibi Rau*

Shangazi Eli: Neema, ile michoro yako ya rangi za maji uliyotupa kwenye ndoo ya taka nimeiokota yote

Mimi: shikamoo shangazi.. achana nayo imeharibika, anga liliingiliana na majani ikawa tope tupu

Shangazi Eli: Marahaba. Mzima ndo tope ila nikikata kipande kidogo ka kiberiti hivi bluu inavyokimbilia zambarau wee acha. Na hivi vinyota vyeupe umefanyaje?

Mimi: chumvi. unanyunyiza rangi ikiwa bado mbichi

Mama: KUMBE chumvi yangu

Shangazi Eli: 😂 Mi nabandika kwenye manila nyeupe, saizi ya A4 unakata katikati kila nusu unakunja unapata kadi ya sm 10.5 kwa 14.8 inaingia bahasha ya C6 bila kulazimisha, Krismasi hii sinunui kadi

Kelvin: si ukunje mchoro wenyewe uwe kadi tu

Shangazi Eli: Karatasi ya gramu 300 hiyo, ukiikunja mgongo unapasuka rangi inabanduka. Hata manila piga kwanza mstari kwa rula na biki iliyoisha wino ndo ukunje, la sivyo inakuja na makunyanzi ka shati lako la Jumapili

Kelvin: nimefanya nini mimi jamani

Mama: Wifi gundi gani, mwaka jana nilipaka ile nyeupe ya maji kadi zote zikajikunja ka mabati ya upepo

Shangazi Eli: Ndo hiyo hiyo iliyokuponza, inalowesha upande mmoja karatasi inavuta. Tumia selotepu ya pande mbili au ile gundi ya kuzungusha ka lipstiki, halafu usiku mzima weka chini ya kitu kizito, mi naweka chini ya ndoo ya mchele

Shangazi Eli: [picha] Hii ya Bibi. Nimetoboa dirisha la umbo la Mlima Kilimanjaro kwa wembe nyuma nikaweka kile kipande cha zambarau

Bamkubwa: Nzuri. Kilele cha Mawenzi kiko wapi hapo?

Shangazi Eli: Si hiyo kushoto kaka

Bamkubwa: Kushoto?? Mimi nimezaliwa hapa Rau, miaka 61 naamka Kibo kushoto Mawenzi kulia. Huo mlima umeutazamia Loitokitok

Kelvin: shangazi kahamia Kenya 💀💀

Shangazi Eli: Uwiii. Nilichora nyuma ya manila ili penseli isionekane mbele, kumbe nikigeuza na mlima unageuka

Mimi: huko nyuma chora Mawenzi kushoto shangazi, ukigeuza itakaa kulia

Mama: Bibi yuko hapa anasema hiyo haitaki, apelekewe mjukuu wa Nairobi

Shangazi Eli: Sasa nimeshakata na zingine

Bamkubwa: Ngapi?

Shangazi Eli: Sita