Chevelle ya 68: nimetoa dramu nimeweka diski mbele, sasa pedali inazama na tairi za mbele zinachemka

MtangaWaOhio

Wakuu habari za jumapili. Nipo Columbus Ohio, nina Chevrolet Chevelle Malibu ya 1968 niliyonunua mwaka juzi kwa mzee mmoja aliyekuwa ameifunika turubai bandani miaka mingi. Injini sio ya kiwandani, alitoa 307 akaweka 350 (ni ukubwa wa injini kwa inchi za ujazo) yenye kamshafti kali, ikiwa kwenye sailensi, yaani inaunguruma bila kukanyaga mafuta, mwili mzima wa gari unatikisika na mimi naipenda hivohivo.

Breki zilikuwa dramu zote nne (breki shuu zinatanuka ndani ya kopo la chuma linalozunguka na tairi), inchi 9.5, bila busta, kile kifaa cha kuongezea mguu nguvu. Mwezi wa tano nilikuwa nashuka mteremko mrefu na kijana wangu wa miaka 9 yuko kiti cha pembeni. Nikakanyaga mara ya kwanza ikashika, mara ya pili ikashika kwa shida, mara ya tatu pedali ngumu kama jiwe na gari linaenda tu, mbele yangu lori limesimama kwenye taa. Nikashusha gia nikaingia kwenye majani pembeni ya barabara tukasimama, harufu ya breki imejaa ndani mpaka mtoto anakohoa. Siku ile nikasema hii gari haitoki tena mpaka ipate diski.

Nikaagiza seti ya breki za mbele: spindo, diski za inchi 11, kalipa (zinazobana pedi kwenye diski) za pistoni moja, mipira mipya ya kupitisha mafuta ya breki, busta na masta silinda (pampu kuu inayosukumwa na pedali) ya inchi 1 na 1/8. Wikiendi tatu niko gereji ya nyumbani peke yangu. Rimu zangu za inchi 14 zilikataa, zinagusa kalipa, nimeazima za 15. Upepo kwenye mfumo wa breki nimetoa mara nne, nimemaliza chupa tatu kubwa za mafuta ya breki.

Sasa shida ni mbili. Kwanza pedali inazama zaidi ya nusu, nikipampu mara mbili inapanda na kuwa nzuri, nikiachia dakika moja inazama tena. Pili nikiendesha kama dakika kumi gari inakuwa nzito, nikishuka tairi za mbele zimechemka huwezi kusogeza mkono. Nikiinua kwa jeki hazizunguki. Nikiiacha ipoe nusu saa zinazunguka vizuri kabisa kama hazikuwa na kitu. Vakyumu ya injini (ule mvuto wa hewa unaoendesha busta) kwenye sailensi ni inchi 11 za zebaki. Nimechoka wakuu, naogopa kuiingiza barabarani. Wapi nimekosea?

Fundi_Gerezani

Pole mkuu, na hongera kwa kuisimamisha maana wengine wangeendelea kuendesha hivohivo wakisema itazoea.

Kabla hujagusa kitu kingine nenda kaangalie kalipa zako, ile nipeli ya kutolea upepo iko juu au iko chini? Kalipa za GM (General Motors, watengenezaji wa Chevrolet) za aina hiyo ya kulia na ya kushoto zinafanana kama mapacha na zote mbili zinaingia upande wowote, bolti zinakubali, mpira unafika, kila kitu kinakaa. Ila ukizibadilisha nipeli inaangalia chini. Upepo unapanda juu siku zote, kwahiyo wewe unafungua chini yanatoka mafuta masafi bila povu unajua umemaliza kumbe juu ya pistoni kuna upepo umekaa unakuangalia. Unaweza kumwaga ndoo nzima usimalize.

La pili, masta mpya uliitoa upepo mezani kabla ya kufunga? Unaibana kwenye jiliwa ikiwa imelala sawa, unaunga vipaipu viwili vya plastiki kutoka kwenye matundu yake virudi ndani ya chombo chake cha mafuta, unasukuma pistoni taratibu na bisibisi butu mpaka povu liishe. Usipofanya hivyo upepo wa ndani ya masta unasumbua sana.

La tatu ni huku nyuma ambako watu wanasahau. Ukiweka diski mbele nyuma bado una dramu, na breki shuu zikiwa mbali na dramu pedali inazama hivohivo na ukipampu inapanda, ni ugonjwa uleule kwa sababu nyingine. Zungusha kile kigurudumu cha meno mpaka shuu ziguse, halafu rudisha kidogo tairi izunguke ikiwa inakwaruza kwa mbali sana. Na hizo shuu za zamani usipulize vumbi lake kwa kompresa, za miaka hiyo nyingi zilikuwa na asbesto, lowesha kwanza ndio ufute na kitambaa cha kutupa.

DadaGereji

Fundi hapo juu kamaliza upande wa pedali, mi naongelea tairi kuchemka kwasababu hiyo ndo inayoua. Nafanya kazi ya breki na chasisi huku Texas mwaka wa nane na magari ya zamani ya kubadilishwa diski nyumbani yanaletwa kila mara, na mara nyingi ni kitu kilekile.

Kaka usinunue spea yoyote bado. Fanya kipimo hiki, weka kizuizi kwenye tairi za nyuma, inua mbele, weka stendi (sio jeki peke yake tafadhali), vaa miwani. Subiri iwe imeshika kabisa yaani iko moto haizunguki. Halafu fungua nipeli ya kalipa kidogo tu. Tairi ikiachia ujue kuna presha imefungiwa kwenye mfumo, isipoachia kalipa yenyewe imekwama au haitelezi kwenye pini zake. Kama imeachia, kanyaga irudi ishike tena, sasa hivi usiguse kalipa, nenda legeza paipu ya mbele pale inapotoka kwenye masta. Ikiachia hapo tatizo liko kwenye masta au kule nyuma yake. Isipoachia tafuta huku chini, vali au mpira ulioziba.

Mi nina wasiwasi na ile fimbo inayotoka kwenye busta kusukuma masta. Ndani ya masta kuna kitundu kidogo sana kinachoruhusu mafuta yarudi kwenye chombo ukiachia pedali. Fimbo ikiwa ndefu kwa hata milimita moja pistoni hairudi mpaka mwisho, kile kitundu kinabaki kimezibwa. Unaendesha, mafuta yanapata joto yanatanuka, hayana pa kwenda, yanasukuma pedi, pedi zinaongeza joto, joto linaongeza presha, ndo maana dakika ya kwanza gari iko sawa na ya kumi imekaza. Ikipoa yanasinyaa inaachia. Maelezo yako ni haya haya.

Kuhakikisha, ikiwa imekaza legeza nati mbili zinazofunga masta kwenye busta, ivute mbele milimita mbili tatu. Tairi ikizunguka hapohapo umempata. Hapo ndo unarekebisha urefu wa fimbo, ibaki na upenyo kama nusu milimita kabla ya kugusa pistoni. Masta za magari yasiyo na busta tundu lake la nyuma ni refu linaingia ndani, za busta ni fupi, na watu wakichanganya fimbo na masta ndo inatokea hii.

Swali lingine, ile vali ya kugawa presha umeweka? Chevelle ya dramu tupu ya 68 inakuja na kipande cha shaba chenye swichi ya taa tu, hakigawi chochote. Ukikiacha, nyuma inapata presha yote na siku ya mvua nyuma itakaza kabla ya mbele, gari inageuka inaangalia ulikotoka. Unahitaji vali ya diski mbele na dramu nyuma. Pia angalia paipu hujazipishanisha kwenye masta, chombo kikubwa ndo cha diski.

Kijana_wa_Minnesota

Niko na Mustang ya 1965 hapa Minnesota na mimi naona mnaharakisha sana kutupa dramu. Hizi gari zilitoka nazo kiwandani, zikiwa zimeadjustiwa poa na shuu nzuri zinasimama tu. Mimi naendesha jumapili kwenda kanisani na kurudi, sitaki kuharibu gari iwe ya kisasa nusu nusu. Thamani ya gari ni kubaki vile ilikuwa.

DadaGereji

Ndugu yangu wa Minnesota kwa dramu sikubishii, safari fupi ya tambarare dramu zilizorekebishwa vizuri zinafanya kazi, na hata anayebadilisha asitupe vya zamani, afunge kwenye boksi aweke. Lakini nakuomba jambo moja kwenye hiyo Mustang. Fungua boneti uangalie masta, ya 1965 ina chombo kimoja cha mafuta kwa tairi zote nne. Mpira mmoja ukipasuka, au wili silinda (silinda ndogo inayosukuma shuu ndani ya dramu) moja ya nyuma ikianza kuvuja, huna breki hata moja, pedali inaenda chini moja kwa moja. Mustang ilipata masta ya vyumba viwili kuanzia 1967, mbele kivyake na nyuma kivyake, na kwa Marekani nzima ikawa sheria kwa magari mapya 1968. Bakisha dramu zako, rangi yako, rimu zako, ila weka masta ya vyumba viwili. Ni kazi ya siku moja na paipu chache na anayetazama gari kwa nje hajui kitu. Una abiria huko ndani.

Kijana_wa_Minnesota

Hiyo sikuwa najua dada. Nimetoka kuangalia saa hii, ni kimoja kweli. Asante sana, naitafuta.

Camaro_Maskati

Assalaam alaykum jamaa. Mimi nipo Maskati nina Camaro ya 69, hapa vijana wengi wanazo hizi gari za Kimarekani na joto letu la mwezi wa saba halina huruma na breki.

Yakhe mimi nimesimama kwenye ile vakyumu ya inchi 11. Hiyo busta haitakufaa. Busta inataka karibu inchi 18 ndio ikusaidie sawasawa, kwa 11 utaikanyaga mara mbili ya haraka kwenye foleni na mara ya tatu huna msaada, pedali inakuwa mti. Mimi nilipita hapohapo kwa sababu ya kamshafti. Njia zipo, kuna pampu ya umeme ya vakyumu, ina kelele lakini inafanya kazi, na kuna busta inayotumia presha ya pampu ya stelingi badala ya vakyumu, hiyo ni nzuri mno ila bei yake si mchezo. Mimi nikachagua kutoa busta kabisa.

Ukitoa busta lazima ubadilishe na masta, hapo ndipo watu wanapopotea. Wanaona masta kubwa ndio nguvu, kumbe kinyume chake. Uso wa pistoni ya inchi 1 ni mdogo kuliko wa inchi 1 na 1/8, kwa mguu uleule ya inchi 1 inakupa presha zaidi kwa karibu robo, ila pedali inasafiri zaidi. Bila busta weka ya inchi 1. Halafu tazama mkono wa pedali yako kwa juu, kwenye hizi GM una matundu mawili, la chini ni la gari lenye busta, la juu karibu na egemeo ni la gari lisilo na busta. Hamisha fimbo uiweke juu. Mimi nilibadilisha masta nikasahau tundu, wiki nzima mguu unauma nadhani pedi mbovu.

Na mafuta ya breki weka ya daraja la DOT 4, mapya, chupa iliyofungwa. DOT 3 ikiwa mpya inachemka nyuzi 205 za Selsiasi, DOT 4 nyuzi 230, na zote zikinyonya unyevu zinashuka vibaya. Ile DOT 5 ya silikoni usiichanganye na hizi hata tone. Na ukimwagikia rangi ya gari osha kwa maji hapohapo, inababua.

MtangaWaOhio

Wakuu nimerudi, ni alhamisi usiku mikono bado myeusi.

Fundi wa Gerezani, kalipa zilikuwa zimepishana. Zote mbili nipeli chini. Nimekaa chini pale sakafuni nikaziangalia muda mrefu maana nilikuwa nazifungua mara nne zote bila kuona. Nimebadilisha, nikafungua nipeli, upepo uliotoka kwenye ya kulia ulitoa povu kama la sabuni kwa karibu dakika nzima. Shuu za nyuma nazo zilikuwa mbali, meno kama kumi na tano kila upande. Pedali sasa inasimama juu na haitaki kupampiwa.

Dada, nimefanya kipimo chako kwa mpangilio uleule. Nipeli ya kalipa, ikaachia. Paipu kwenye masta, ikaachia. Nikalegeza nati mbili nikaivuta masta mbele na mwanangu ameshika tairi, akaniambia baba inazunguka. Nimepima fimbo, imezidi milimita moja na kidogo. Moja tu. Vali ya kugawa sikuwa nayo, ni kile kipande cha shaba ulichosema, nimeagiza inafika jumatatu na gari haitoki kabla yake.

Ndugu wa Maskati, naenda na ushauri wako, natoa busta naweka masta ya inchi 1, matundu mawili kwenye pedali nimeyaona kwa tochi.

Swali langu la mwisho, nikimaliza naijaribuje bila kumweka mtu hatarini?

DadaGereji

Safi sana kaka, na mwambie mwanao kazi nzuri.

Kwanza gari ikiwa imesimama kanyaga kwa nguvu dakika mbili, mtu apite na tochi kila kiungo cha paipu. Pakilowa hata kidogo rudi. Halafu tafuta uwanja wa maegesho ulio wazi alfajiri, wewe peke yako ndani. Mwendo wa polepole, kanyaga taratibu mara kadhaa, shuka ushike rimu zote nne, za mbele zilingane joto. Halafu zoesha pedi, toka maili 35 kwa saa mpaka 5 bila kusimama kabisa, rudia kama mara nane ukiachia nafasi ya kupoa katikati, ukimaliza usipaki na mguu umekandamiza breki.

Mwisho, sehemu yenye unyevu, maili 20, kanyaga mpaka tairi zikaze na mtu asimame mbali pembeni akutazamie zipi zinaanza. Lazima ziwe za mbele. Za nyuma zikitangulia simama hapo, usiende barabara kuu, andika hapa tuiangalie vali pamoja.

Fundi_Gerezani

Na ukishatembea siku tatu nne vua dramu za nyuma, funua kile kimpira cha wili silinda kwa kidole. Presha ya masta mpya inaamsha uvujaji wa silinda za zamani. Ukikuta umajimaji ndani badilisha zote mbili.