Kamera ndogo imeingia vumbi kwa ndani, madoa hayatoki, naombeni msaada wakuu

dereva_wa_kreta
Wakuu habari za majukumu. Mimi ni dereva wa watalii hapa Arusha, mwaka juzi kuna mgeni aliniachia kamera yake ndogo, zile za kutia mfukoni, ukiwasha lenzi inatoka ukizima inarudi ndani. Imenitumikia vizuri tu ila tangu Agosti naona madoa mawili ya kijivu, nikipiga nyati kwenye majani siyaoni lakini nikipiga twiga na anga nyuma yake yapo pale kama inzi wawili, kila picha. Kioo cha mbele nimefuta mpaka nimechoka. Njia yetu mnaijua, ukitoka Ngorongoro kuelekea Naabi, geti la Serengeti, kiangazi hiki vumbi linaingia mpaka kwenye chapati. Kuna kijana mtaani anatengeneza simu kasema anaifungua kwa elfu 30, nimpe au niachane naye?

bi_picha
Usimpe kwanza. Na hicho kioo cha mbele kiache kipumzike, vumbi la pale halichori doa la namna hiyo labda uwe umeweka dole gumba zima. Kwanza tujue vumbi limekaa wapi. Weka kwenye A (pale unachagua mwenyewe tundu la lenzi, namba ya f ikiwa kubwa tundu linakuwa dogo), f11 kama inafika, isipofika weka namba kubwa iliyopo, ISO (wepesi wa kushika mwanga) ya chini, piga ukuta mweupe au anga tupu hata kama haijashika fokasi haina neno. Piga bila zumu, halafu vuta zumu mpaka mwisho upige tena. Doa likibaki palepale liko kwenye sensa (kile kipande cha ndani kinachopokea picha), likihama au likivimba liko katikati ya vioo vya lenzi. Alafu rudi kwenye f ndogo kabisa utashangaa madoa karibu yanapotea, kwa sababu tundu la lenzi likiwa kubwa mwanga unakuja kutoka pande nyingi kivuli cha kipunje kinafifia, tundu likiwa dogo kivuli kinakaza. Kwa hiyo wakati unatafuta suluhisho piga f4 huko usipande f8 bila sababu, nusu ya tatizo limeisha bure.

mzee_wa_flashi
Hizo kamera tatizo lake lenzi ni pampu, kila ikitoka inavuta hewa ndani na hewa ya huko kwenu ni udongo mtupu. Dawa ni vakyumu klina, ile mashine ya kunyonya vumbi. Toa kile kichwa ubaki na mrija, washa kamera lenzi itoke, weka mdomo wa mrija pale mbele lakini mkono wako uzunguke kuacha upenyo USIBANE, washa sekunde chache huku unapeleka zumu mbele nyuma. Mimi nilikuwa na madoa matatu nikatoa moja siku ya kwanza, moja wiki iliyofuata, la tatu tumezoeana.

kipande_cha_waya
Mzee endelea kuwafundisha hiyo ya vakyumu maana inaniletea wateja 😂 Siyo kwamba haifanyi kazi, inafanya, ila mtu akibana kabisa vile vibati viwili vinavyofunga lenzi vinachomoka au lenzi inagoma kurudi, hapo hatuzungumzii vumbi tena. Kama utafanya basi vakyumu ndogo, nguvu ya chini.

Kuhusu kijana wa simu. Hizi zenye flashi ndani kuna kapasita inatunza umeme wa volti kama 300, na kutoa betri hakusaidii, unabaki mle. Mimi umenirusha, bisibisi ikaenda huku mimi kule, tangu siku hiyo naimaliza chaji kwanza kabla sijagusa kitu. Fundi asiyejua hilo asiguse. La pili, sensa mara nyingi inashikwa na skrubu tatu zimepimwa kiwandani, ukizirudisha vibaya kidogo tu picha upande mmoja kali mwingine maji maji, na hapo umelipa elfu 30. Sensa zenyewe ndogo, hata ile wanayoiita ya inchi 1 ni milimita 13.2 kwa 8.8 (inchi ya jina tu), kwa hiyo kipunje usichokiona kwa macho pale ni mlima.

Swali, unaiweka wapi ukiwa njiani?

dereva_wa_kreta
Naivisha soksi mkuu, safi lakini, naiweka kwenye deshibodi

kipande_cha_waya
Ndo huyo mchawi wako. Nyuzi za soksi na za mfuko wa suruali nazikuta humo ndani kuliko hata udongo.

chausiku88
Samahani nadandia, mimi yangu usiku inatoa miduara meupe inaelea, picha za sherehe zote, bibi kasema nyumba ina wenyewe (majini), tuiuze 😅

bi_picha
@chausiku88 mwambie bibi atulie, hilo ni vumbi la hewani linapigwa na flashi, kamera hizi flashi iko jirani sana na lenzi. Zima flashi, washa taa.

dereva_wa_kreta
Mrejesho. Nimepiga ukuta wa ofisi, doa moja limehama nilipovuta zumu, jingine halijasogea. Rafiki yangu wa usafi kwenye loji moja kaniletea vakyumu, tumefanya kwa uoga sana sekunde tatu tatu, lile la kwenye lenzi limeondoka! La sensa lipo, nimeona libaki, naligusa tu na ile alama ya plasta ya Snapseed, app ya kurekebisha picha kwenye simu, linapotea. Kijana wa simu nimemwambia asubiri. Na sasa gari likiwa kwenye vumbi siiwashi mpaka tusimame wingu lipite, wageni wenyewe wameanza kuniiga. Soksi nimeitupa, nimehamia kwenye kile kikontena cha plastiki chenye mfuniko nilichokuwa nabebea chapati.

kipande_cha_waya
Kioshe na sabuni, mafuta ya chapati kwenye lenzi sitoi.